Mtoto akiota meno, korido nzima hailali

Kama unakaa Kariakoo, hasa katika hizi nyumba zetu za Kiswahili zilizobaki zimebanwa katikati ya maghorofa, huna haja ya kuuliza habari za jirani. Unazijua tu. Vyumba sita, korido moja, bomba moja, choo kimoja. Mtoto wa chumba cha tatu akianza kuota meno, basi jambo hilo ni la nyumba nzima.

Saa nane za usiku kinaanza kilio. Baba wa chumba cha mbele anajigeuza kitandani na kusonya, maana alfajiri anatakiwa awahi kupanga mzigo Mtaa wa Kongo. Mama muuza maandazi wa chumba cha uani anaamka kabla ya muda wake, anaona bora akande unga moja kwa moja. Mama mtoto mwenyewe anatembea na mwanawe koridoni, huku na huko, macho mekundu kama aliyekata vitunguu.

Kukikucha kila mmoja ni daktari. Wa kwanza atasema mpake asali. Wa pili atasema mnyweshe dawa ya tumbo. Wa tatu atasema mpe piriton kidogo, ati alale na sisi tulale. Halafu atatokea mmoja, na mara nyingi ni mtu mzima anayeheshimika, atamwangalia mtoto mdomoni, atikise kichwa na kutamka: "Huyu ana meno ya plastiki. Apelekwe akatolewe."

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na ndiyo sababu wiki hii nimeona tuache habari za mitindo ya vitenge tuzungumze hili.

JINO LINAVYOKUJA

Tunawaita watoto wachanga vibogoyo, lakini ukweli ni kwamba meno yao yameshaanza kujengwa ndani ya taya tangu wako tumboni. Yako pale yanasubiri zamu. Watoto wengi hutoa jino la kwanza wakiwa na miezi 6 hivi, na mara nyingi ni yale mawili ya mbele chini. Lakini kuna anayetangulia akiwa na miezi 4, na kuna anayesherehekea mwaka wake wa kwanza na fizi tupu, keki anailamba tu. Wote hao ni wazima.

Baada ya hapo yanakuja ya mbele juu, ya pembeni, magego ya kwanza, chonge, kisha magego ya mwisho. Mtoto akikaribia miaka 3 anakuwa na meno yote 20 ya utoto. Kwa hiyo, mama, hii ni safari ya miaka miwili na zaidi. Nafuu yake ni kwamba kila jino lina siku zake chache tu za usumbufu, kabla kidogo na baada kidogo ya kuchomoza. Hakuna jino linalomtesa mtoto mwezi mzima.

Dalili zake zinajulikana. Udenda unamwagika mpaka kifua kinalowa. Anatafuna kila anachokamata, kidole chake, ukosi wa gauni lako, hata kandambili akiipata. Fizi inavimba kidogo na kuwa nyekundu. Ananuna, anakataa uji, anaamka amka usiku. Joto la mwili linaweza kupanda kidogo. Basi, zimeishia hapo.

Sasa hebu tuelewane vizuri: homa kali haimo katika orodha hiyo. Kuharisha hakumo. Kutapika hakumo. Degedege haimo kabisa.

MBONA HUWA VINAKUJA PAMOJA?

Najua utaniambia, "Wewe mwandishi, mimi wanangu watatu wote waliharisha walipoota meno." Nakubali, uliona kwa macho yako. Ila fikiria huyo mtoto wa miezi 6 anapitia nini. Ile kinga aliyopewa na mama yake akiwa tumboni inaanza kupungua. Ndiyo kwanza anaanza uji, anaanza maji ya kunywa, anaanza vikombe na vijiko visivyochemshwa. Anajifunza kukaa na kutambaa, na anachokiokota kinakwenda mdomoni, iwe punje ya mchele, iwe mfuko wa nailoni, iwe uchafu ulioletwa na viatu kutoka sokoni. Vijidudu vinaingia kwa mlango huo.

Jino na ugonjwa vimepanda daladala moja, lakini si ndugu. Ukisema "ah, ni meno tu hayo", unaweza kumfungia mtoto ndani na malaria, na homa ya mapafu, au na ugonjwa wa njia ya mkojo, mpaka siku inakuwa imechelewa.

Na tusidhani ni sisi tu. Huko Ufaransa, katika karne ya 16, daktari mpasuaji maarufu Ambroise Paré alikuwa akipendekeza fizi za watoto zichanwe ili jino lipite. Uingereza ya karne ya 19 kuota meno kuliandikwa rasmi kuwa chanzo cha vifo vya watoto. Waingereza haohao waliwapa watoto wao poda za meno zenye zebaki, sumu kabisa hiyo, mpaka ziliposimamishwa katika miaka ya 1950. Watoto walikuwa wanavimba mikono na miguu inakuwa ya rangi ya waridi, na wenyewe hawakujua kwamba dawa ndiyo inayowaua.

HABARI YA KIGEGO

Sisi watu wa pwani nasi tulikuwa na yetu. Kamusi za Kiswahili zina neno kigego, wengine husema kijego. Ni mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini. Zamani huyo alionekana ni mkosi kwa ukoo, na walikuwepo watoto waliouawa kwa sababu hiyo tu.

Leo hakuna anayethubutu, lakini mnong'ono bado upo. Nimeshamwona mama kijana amefunika mdomo wa mwanawe kwa leso mbele ya mawifi, kisa meno mawili ya juu. Dada yangu, ondoa wasiwasi. Meno kuanza juu ni jambo la kawaida tu, kama vile mtu kutumia mkono wa kushoto. Funua mdomo huo mtoto acheke.

PLASTIKI WAPI NA WAPI?

Sasa tuje kwenye hili zito. Watu wanasema meno ya plastiki ni maradhi ya tangu mababu. Jamani, jina lenyewe linajikana. Babu wa babu yako aliijua plastiki? Madaktari wa hapa Tanzania walianza kuandika habari zake miaka ya 1980, na watu wengi wakati huo waliyaita meno ya nailoni. Kabla ya hapo, mwaka 1969, mtaalamu mmoja wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, alikuwa ameandika kuhusu watoto wa Kiacholi wa kule Uganda waliokuwa wanang'olewa chonge kwa sababu hizohizo za homa na kuharisha.

Hicho kinachoonekana ni kitu gani? Ni chonge changa. Pale linapojengwa, ufizi unanyanyuka kidogo na kuonekana mweupe. Kila mtoto anapitia hapo, mgonjwa na mzima. Mganga akiufukua ufizi anatoa kitu cheupe, laini, hakijakomaa. Anakionyesha kwa mama: "Umeona? Plastiki hiyo!" Mama anaamini, kwani ameona kweli. Kumbe alichoonyeshwa ni jino halisi la mwanawe ambalo halijawa gumu.

Na linatolewa kwa nini? Spoki ya baiskeli. Kisu. Wembe. Kifaa kilichotoka mdomo wa mtoto mwingine asubuhi ileile. Hapo kuna kuvuja damu kwa kiumbe ambaye damu yenyewe hana nyingi, kuna pepopunda, kuna ukimwi, kuna usaha kuingia mpaka kwenye taya. Wapo wanaopoteza maisha. Anayepona anaweza kubaki na kasoro ukubwani, kwa sababu jino la ukubwani linajengwa jirani na lile la utoto na nalo huumizwa. Na baada ya mateso yote hayo, ule ugonjwa uliomletea homa bado uko palepale haujaguswa.

Mwaka 2023 lilitukuta nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi saba, homa siku ya pili, anakataa ziwa, analia na kujikuna upande mmoja wa kichwa. Bibi mmoja mpangaji mwenzetu, mtu mwema ambaye amelea nusu ya watoto wa mtaa ule, akamfunua mdomo, akasema: "Mwanangu, hii plastiki. Jifunge kanga twende, kuna mzee namjua mkono wake mwepesi."

Dada akamjibu kwa adabu: "Nimekusikia, bibi. Ila niache nianze na kipimo, tukitoka huko tutazungumza."

Tukaenda zahanati. Daktari akaangalia fizi, akasema fizi hazina neno. Akaangalia koo. Akachukua kurunzi, akaangalia sikio. Lilikuwa limejaa usaha. Mtoto akapewa dawa, na baada ya siku tatu alikuwa anavuta nywele za watu kama kawaida yake. Jino lilitokea wiki mbili mbele, kimya kimya, wala hatukujua mpaka kijiko cha uji kilipogonga kikalia.

Lakini kilichoniingia moyoni ni bibi yule. Jioni moja alikaa na dada barazani wanachambua mchicha, akasema mtoto wake wa kwanza alifariki kwa kuharisha, ana umri uleule wa miezi saba. Waliokuja msibani walimwambia amechelewa kumtoa plastiki. Zaidi ya miaka thelathini amekaa na neno hilo. Ndiyo maana akiona mtoto ana homa anakimbilia kanga.

Dada alimwambia, "Bibi, hukuchelewa. Yule mtoto alihitaji maji." Bibi akanyamaza, akaendelea na mchicha wake. Msomaji, mtoto anayeharisha anakaushwa maji ya mwili, na zile pakiti za chumvi za kuchanganya na maji safi, pamoja na kuendelea kunyonya, ndizo zinazomrudisha. Nenda kliniki upewe hizo na vidonge vya zinki. Hakuna spoki inayorudisha maji mwilini.

YANAYOMTULIZA

Haya, sasa tuseme umehakikisha mtoto hana homa, haharishi, ni meno kweli. Fanya hivi, na mengi hayana gharama.

Nawa mikono kwa sabuni, kisha msugue ufizi taratibu kwa kidole, dakika moja au mbili. Mgandamizo ule unampunguzia maumivu. Fanya hivyo hasa kabla ya kumnyonyesha, maana mtoto mwenye fizi zinazowasha anaweza kukung'ata mpaka ukaona nyota mchana. Aking'ata, usimvute kwa nguvu. Ingiza kidole chako pembeni mwa mdomo wake, ataachia.

Chukua kipande cha kanga kuukuu, laini, kilichofuliwa vizuri. Kiloweshe maji yaliyochemshwa, kikamue, kiweke kwenye friji kipoe, mpe atafune ukiwa unamwangalia. Huna friji? Maji ya mtungi yanatosha. Kijiko cha chuma kilichopozwa nacho kinafaa. Usimpe kitu kilichoganda barafu, kinaunguza fizi.

Udenda mfute mara kwa mara kwa kitambaa laini na umpake mafuta kidogo kidevuni na shingoni, la sivyo utapata kazi ya pili ya vipele.

Wauza vitu vya watoto pale Kariakoo wana vile vidude vya mpira vya kutafuna vya kila rangi. Chukua kigumu cha kipande kimoja, kisichokuwa na maji ndani wala vipande vya kubandika vinavyoweza kung'oka. Kioshe kila siku. Na usimfunge shanga wala kamba shingoni ati za kutuliza meno, inaweza kumkaba usingizini. Karoti na miwa tuachie sisi wenye magego.

Akisumbuka sana usiku, dawa ya maji ya paracetamol inaruhusiwa, lakini kwa kipimo cha uzito wake. Nenda na kadi yake ya kliniki duka la dawa, uonyeshe uzito, uulize kipimo. Chupa hazifanani nguvu, na kijiko cha chai cha nyumbani hakipimi dawa. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

YA KUWEKA MBALI

Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka ni marufuku, hata ya kupaka tu, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Dawa za kupaka zinazotia ganzi fizi nazo ziache. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zile zenye benzokaini zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 2, maana zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa.

Na dawa isiyojulikana ilikotoka usiinunue hata kama kopo limechorwa mtoto mnene anacheka. Nigeria mwaka 2008 dawa ya maji ya meno iitwayo My Pikin iligundulika ina kemikali ya viwandani. Watoto 84 walikufa. Mama zao walikuwa wanataka tu walale usiku, kama mimi na wewe.

Piriton nayo ni dawa ya mzio. Ukimpa mtoto mchanga ili alale, unamlewesha, na aliyeleweshwa anaweza kushindwa hata kupumua vizuri.

USINGIZI KARIAKOO UNALINDWA

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Utasema, saa 16 Kariakoo? Wakati vipaza sauti vya wauza nguo vinataja bei toka asubuhi, bodaboda zinapiga honi, na Jumamosi kuna kigodoro mtaa wa pili?

Inawezekana, ila uwe na mpango. Mpe mtoto ratiba. Kila jioni saa ileile, aoge maji ya vuguvugu, anyonye au ale, taa ipunguzwe, aimbiwe wimbo wake wa kila siku, alazwe. Baada ya wiki chache atajua kwamba wimbo ule ni ishara ya kulala. Feni ikizunguka inamsaidia mara mbili, kwa joto na kwa kuzima vile vishindo vya ghafla vya koridoni. Umeme ukikatika, mvue nguo nzito abaki na nepi na fulana, fungua dirisha, hakikisha neti iko sawa.

Mlaze chali, sehemu ngumu kidogo na tambarare, bila mto wala lundo la nguo pembeni. Awe ndani ya neti yenye dawa, hata mchana. Jiko la mkaa usiliache likiwaka chumbani alimolala, hata kama mvua inanyesha, maana hewa yake inaua bila harufu.

Mama mwenye meza ya biashara, najua mwanao analala kwenye boksi chini ya meza. Sikulaumu, ndiyo maisha. Ila boksi liwe upande wa ndani, mbali na moshi wa pikipiki na miguu ya wateja, na usimfunike uso kwa kanga, joto litampata.

Akiamka usiku kwa ajili ya jino, taa isiwashwe yote. Msugue ufizi, mnyonyeshe, mbembeleze, mrudishe. Ukimpa simu aangalie katuni saa nane za usiku, kesho saa nane atakudai nyingine. Na usimwachie chupa ya juisi au maziwa yenye sukari mdomoni amelala, meno yatatoboka kabla hajajua kuyatumia. Jino la kwanza likitoka tu, lianze kusafishwa.

Akina baba, usiku mmoja wewe, usiku mmoja yeye. Mbeleko haijaandikwa jinsia. Na ninyi wapangaji wenzetu, badala ya kusonya, punguzeni redio.

KIMBIA HOSPITALI

Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, akiharisha mara tatu na kuendelea kwa siku, akitapika, akikataa kunyonya, akilegea, utosi ukibonyea, akipumua kwa shida au akipata degedege, usiulize mtu koridoni. Beba mtoto, chukua kadi, nenda kituo cha afya kilicho karibu, na ukifika sema dalili zote bila kuanza na "nadhani ni meno". Na kama ana mwaka na nusu bila hata jino moja, mwone daktari wa meno.

Jioni ya leo ukirudi nyumbani, mwambie na jirani yako mwenye mtoto mchanga. Kama kuna bibi wa kuheshimika mwenye kanga tayari mkononi, mwamkie, mkalishe, mweleze taratibu. Naye anamtakia mtoto heri.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.